Kosa la Sehemu ya Pili

Bahasha ilirudi Jumatatu, na ilirudi nene kuliko ilivyokwenda. Hilo peke yake lilitosha kumtia mtu wasiwasi, maana barua ya serikali ikiwa na habari njema huwa nyembamba. Mama Watoto alikuwa ameinamia beseni la mashuka ya nyumba ya wageni, povu limempanda mpaka viwikoni, kwa hiyo akamwambia bintiye aifungue. Binti huyo nyumba nzima ilimwita Kifungua kwa kuwa ndiye aliyekuwa kifungua mimba, na hakuna aliyemjua kwa jina jingine isipokuwa walimu wake.

"Soma kwa sauti," mama yake alisema. "Na usiruke."

Kifungua akasoma. Ofisi ya mapato ilimshukuru mlipakodi kwa kutuma fomu yake kwa posta, na ilisikitika kumwarifu kwamba fomu hiyo ilikuwa na makosa. Katika sehemu ya kwanza, mlipakodi, mwenye leseni ya biashara ya dobi, ameandikwa kwamba hana kipato chochote. Katika sehemu ya pili, mtegemezi wake, ambaye kwa maana ya sheria ni mtu asiye na kipato, ameandikwa kwamba ndiye mwenye mapato yote. Mlipakodi atakiwa kurekebisha, kueleza sababu ya kosa, kutia saini na kuirudisha fomu kwa posta kabla ya Ijumaa kwisha. Bila hivyo, cheti cha kutodaiwa kodi hakitatolewa.

Mama Watoto aliacha kukamua. "Rudia hapo kwenye cheti."

Kifungua akarudia, na cheti kikabaki hakitatolewa vilevile.

Cheti ndicho kilichokuwa roho ya mambo. Nyumba ya wageni ilikuwa imenunua mashine yake ya kufulia, na mwisho wa mwezi mashuka yake yangekoma kuja. Lililobaki lilikuwa tumaini la hospitali ya watu binafsi pale juu ya barabara. Walikwisha kuja kuziona kamba zake, wakanusa mashuka, wakaridhika, wakaliandika jina la Mama Watoto kwenye karatasi zao. Ila mtunza ghala wa hospitali alisema waziwazi kwamba cheti kisipofika, kazi itakwenda kwa dobi mwingine, mwenye mashine tatu. Na kazi ikienda huko, kodi ya nyumba ingetoka wapi, na ada ya Kifungua je?

"Fomu aliijaza nani?" Kifungua aliuliza, ingawa alikuwa anajua.

Ndani ya chumba cha pili, nyuma ya mlango uliofungwa, pasi iliyokuwa ikiguna juu ya meza ilinyamaza.

Aliyekuwa akipiga pasi humo alikuwa Baba Watoto, na kila siku alipiga pasi mlango ukiwa umefungwa. Pasi yenyewe ilikuwa ya mkaa. Humo ndani palikuwa na joto la kumtoa nyoka pangoni, lakini mtaa ulikuwa na macho, na yeye hakutaka mtaa umwone. Kabla jukwaa la ujenzi halijaporomoka naye na kumvunja paja, alikuwa fundi mwashi, msimamizi wa mafundi wenzake, na jina lake kazini lilikuwa Nguzo. Mpaka leo aliitwa hivyo barabarani. Akiulizwa habari za mashuka yanayopepea uani kwake, alijibu, "Kabiashara kangu tu hako. Mama ananisaidia."

Alitoka akiburuta mguu, shati limemganda mgongoni.

"Kuna nini?"

"Fomu imerudi, Baba Watoto. Wanasema ina makosa."

"Makosa gani? Mwandiko wangu ule hata kipofu anausoma."

"Baba," Kifungua alisema taratibu, "pale kwenye jina la mtegemezi, uliandika jina lako."

"Sasa niandike la nani? Nyumba hii inamtegemea nani?"

Kifungua alimtazama mama yake, mama akalitazama povu.

"Mtegemezi siyo anayetegemewa, baba. Ni anayemtegemea mwenzake. Kama sisi watoto."

Hapo ni lazima mtu amwonee Nguzo huruma kidogo, kwa maana hakukosea kwa ujinga. Kule kwenye majengo, zile mbao ndefu zinazosimamishwa chini ya zege bichi ili lisianguke, mafundi wa kundi lake waliziita wategemezi. "Leta wategemezi wanne huku!" alikuwa akipiga kelele, na vijana wanakimbia. Mtegemezi akilegea, ghorofa nzima iko chini. Kwa hiyo fomu ilipomuuliza jina la mtegemezi, Nguzo alilisoma neno hilo kwa lugha ya kazi yake. Alilamba kidole, akaliandika jina lake kwa herufi kubwa, na hakuna siku aliyojisikia mtu kuliko siku ile tangu avunjike. Ilipomuuliza kipato cha mtegemezi, kama kipo, akaona haya kuacha nguzo ya nyumba bila kitu, akajaza pesa zote za mashuka.

Kifungua alijaribu kujizuia. Alibana midomo, akageukia ukuta, mabega yakaanza kumtikisika.

"Unacheka nini?" Nguzo alifoka.

"Sicheki, baba. Nimepaliwa."

"Umepaliwa na nini, umekula nini?"

"Basi jamani," alisema Mama Watoto, ambaye hata yeye kicheko kilikuwa kimemfika kooni, kikakutana na hofu, vikabanana hapo. "Makosa ni ya binadamu. Tunarekebisha, mambo yanakwisha. Jina lako liache hapohapo, ila zile pesa zirudi sehemu ya kwanza, kwangu. Ni kuhamisha tu."

Nguzo alimtazama kana kwamba amemwambia avue nguo barabarani.

"Jina langu libaki wapi?"

"Hapohapo, kwenye mtegemezi."

"Mimi niandikwe, kwa muhuri wa serikali, kwamba ninalishwa na mke?"

Mama Watoto aliinama tena akaendelea kukamua, na Nguzo akarudi chumbani akaufunga mlango kwa kishindo. Shuka la kwanza alilolipiga pasi baada ya hapo aliliunguza.

*

Wifi yake Mama Watoto alifika Jumanne bila kualikwa, kama kawaida yake, akaketi kwenye kiti kisicholegea. Nguzo alikuwa amekwisha kumweleza dada yake yote, kwa namna yake.

"Wifi, mimi siingilii ndoa za watu," alianza, na kila mtu akajua kwamba anaingilia. "Lakini kaka yangu kuandikwa mtegemezi! Kesho si mtamwandika kuwa ni mtoto mchanga? Andikeni kwamba biashara ni yake, yaishe."

"Leseni ina jina langu, wifi."

"Kwa nini ina jina lako?"

"Kwa sababu siku niliyokwenda kuikata, kaka yako alikuwa amelala hospitali, mguu umening'inizwa kwa kamba. Ningemwamsha aje asaini?"

"Mwanamume ni mwanamume hata akiwa kitandani."

"Sikatai. Lakini mashuka hayajui hilo, wifi. Yanataka kufuliwa tu."

Nguzo alikuwa ameshika ile fomu, anaikunja na kuikunjua mpaka mikunjo ikaanza kuchanika. Alikuwa akifikiria tangu jana, hakulala vizuri, na alikuwa amepata wazo ambalo kwake lilionekana la busara kabisa. Angekwenda mwenyewe ofisini awaambie wabadilishe neno. Neno likibadilishwa, kosa halipo.

*

Ofisi ya mapato ilikuwa na viti vichache na watu wengi. Kila mtu alikuwa ameshika karatasi yake kifuani kana kwamba ni majibu ya kipimo cha damu. Nguzo alivaa shati alilolipiga pasi mwenyewe, limenyooka kuliko mashati yote humo ndani, akasimama kwenye foleni mpaka paja likaanza kumwaka.

Karani alikuwa msichana mwenye mafua. Aliichukua fomu, akaisoma, akapenga kamasi, akaisoma tena.

"Shikamoo mzee. Hii imerudishwa irekebishwe. Umeirekebisha?"

"Marahaba, binti. Nimekuja kuhusu neno. Hili neno mtegemezi lina maana mbili. Mngeandika lingine, watu wasikosee."

"Neno halina tatizo, mzee wangu."

"Kwa nyie halina. Sisi mafundi..."

"Mzee, nyuma yako kuna watu. Nikuulize tu, hii biashara ya dobi ni ya nani?"

"Ya nyumbani."

"Nyumbani siyo mtu. Ya kwako au ya mkeo?"

Nguzo alifungua mdomo, na hapohapo sauti nyuma yake ikapaa, "Fundi Nguzo! Bosi! Hata salamu hutoi siku hizi?"

Alikuwa Karai, kijana aliyekuwa saidia fundi wake, mwenye kubeba zege kichwani mpaka jina la karai likamganda. Sasa alikuwa amenenepa kidogo, ana kofia mpya, na alikuwa akitabasamu kwa furaha ya kweli. Lingekuwa tabasamu la kejeli Nguzo angelivumilia.

"Ya kwako au ya mkeo, mzee?" karani alirudia, kwa sauti kubwa zaidi, maana alidhani hakusikika. "Nani anamtegemea nani hapa?"

Foleni nzima ikatega masikio. Watu waliochoka kusubiri hupenda sana mambo ya nyumba za wenzao.

"Ya kwangu," Nguzo alisema.

"Basi mambo ni rahisi." Karani alitoa karatasi nyingine chini ya meza. "Hii ni fomu ya kuhamisha biashara. Mkeo asaini kwamba anakuachia leseni na kila kitu. Wewe ndiye unakuwa mlipakodi, yeye ndiye anakuwa mtegemezi. Itume kwa posta, mwisho uleule wa Ijumaa."

"Na cheti?"

"Kitatoka kwa jina lako."

"Kuna hospitali imeshaandika jina la mke wangu. Itakubali?"

"Hayo ya hospitali waulize hospitali, mzee. Anayefuata!"

Alipogeuka, Karai alimpokea mkono kwa mikono miwili, kama zamani. "Kumbe una kampuni ya dobi, bosi! Si unikumbuke na mimi? Kazi za majengo zimekauka, hii kofia nimeazima. Hata kupiga pasi nitapiga."

"Tutaonana," Nguzo alijibu, akatoka haraka kuliko mguu wake ulivyoruhusu.

*

Alhamisi nzima karatasi mbili zilikaa mezani zimebanwa na kikombe, moja ya kurekebisha na moja ya kuhamisha, na watu wa nyumba hiyo wakapita wakiizunguka meza. Mama Watoto alifua mashuka yaliyokwisha fuliwa. Nguzo alitoka, akarudi, akatoka tena, akasema anakwenda kununua mkaa, akarudi bila mkaa. Kifungua aliulizwa na baba yake mara mbili kama hana la kusoma.

Ijumaa mchana mawingu yalianza kukusanyika. Mama Watoto aliingia ndani akijifuta mikono kwenye kanga.

"Baba Watoto, leo ndiyo mwisho."

"Najua."

"Basi sema. Nimekaa nangoja useme tangu juzi."

"Niseme nini? Nimekwambia. Saini ile ya kuhamisha. Fedha ni zilezile, mashuka ni yaleyale. Kinachobadilika ni jina tu."

"Na hospitali wakikataa?"

"Watakubali."

"Umewauliza?"

Hakuwa amewauliza kwa sababu alikuwa anaogopa jibu.

"Mimi sina shida na jina," alisema Mama Watoto, na sauti yake ilianza kutetemeka, jambo ambalo halikumtokea hata siku ya jukwaa. "Ungekuwa unaniambia twende wote tukawaulize, ningekwenda. Tungekuwa tunakula majina, ningekupa yote ushibe. Nimejikaza kisabuni miaka hii bila kukuuliza kitu. Watu wakisema ni dobi wa Nguzo, naitikia. Wakija wateja, nasema baba hayupo, nawe uko nyuma ya mlango unapikika kwa joto. Nimekuficha mpaka nimechoka, mume wangu. Na wahenga walisema mficha uchi hazai."

"Mama Watoto..."

"Lete kalamu."

Akasaini. Alisaini karatasi ya kuhamisha, kisha akasaini na ile ya kurekebisha, zote mbili. Vidole vyake vilikuwa vimejikunyata kwa maji na dawa ya kung'arisha nguo, kalamu ikamponyoka mara moja akaishika tena. Akampa mumewe karatasi zote pamoja na bahasha moja.

"Zote nimesaini. Utakayoituma ndiyo hiyohiyo, sitauliza. Mimi nina mashuka kwenye kamba na mvua inakuja."

Akatoka uani, na ikasikika sauti yake ikimwita Kifungua alete kapu.

*

Njia ya posta ilikuwa na mteremko, na mteremko ndio uliomtesa Nguzo zaidi. Matone ya kwanza yalianza kudondoka alipofika kwenye duka la vyuma. Aliziweka karatasi ndani ya shati, zikamkwaruza tumbo kila hatua. Alijisemea kwamba hospitali watakubali, akajiuliza wasipokubali. Mtu mwenye mashine tatu ana haja gani na mashuka ya hospitali? Lakini angeyachukua. Yeye Nguzo pia angeyachukua.

Barazani pa posta watu walikuwa wamejibanza kukwepa mvua, na miongoni mwao, kwa bahati mbaya au nzuri, alikuwamo Karai.

"Bosi! Mungu kakuleta." Safari hii kofia hakuwa nayo. "Lile ombi langu umelifikiria? Siombi makubwa. Hiyo kazi ya pasi tu."

Nguzo alipangusa uso. Nyuma ya dirisha la posta, mhudumu alikuwa ameanza kufungia mihuri kwenye droo.

"Kazi ya pasi ina mtu," alisema.

"Nani? Namjua?"

"Mimi."

Karai akacheka, kisha akaona kwamba amecheka peke yake. "Wewe, bosi?"

"Usiniite bosi. Bosi yuko nyumbani anaanua mashuka. Na kama hii karatasi haitagongwa muhuri leo, hata mimi sina kazi." Alikuwa amekwisha kutoa kalamu. "Nigeuzie mgongo nipate pa kuandikia."

Karai aligeuka, akainama kidogo kama alivyokuwa akiinama kubebeshwa zege. Nguzo akaitandaza juu ya mgongo huo ile fomu ya kurekebisha. Pesa alikuwa tayari ameshazihamisha kwa macho mara mia tangu Jumatatu, sasa alizihamisha kwa mkono, akazirudisha sehemu ya kwanza. Ilibaki nafasi moja tupu, iliyosema: Eleza sababu ya kosa.

Mhudumu aligonga kioo. "Mzee, nafunga!"

Nguzo aliandika, na mwandiko wake kwa mara ya kwanza haukuwa mzuri, kwa sababu mgongo wa Karai ulikuwa unapumua. Aliandika hivi: Nilidhani mtegemezi ni anayebeba, kumbe ni anayebebwa. Jina halikukosewa. Liacheni hapohapo.

Muhuri ukagongwa. Ile karatasi ya kuhamisha ilibaki ndani ya shati, na alipofika nyumbani ilikuwa imelowa, wino umetoka na kumchora tumbo.

*

Mashuka yalikuwa yameokolewa yote isipokuwa mawili. Chumba cha pili kilijaa marundo mpaka mlangoni. Mama Watoto alimtazama mumewe akiingia, akakumbuka kwamba ameahidi kutouliza, akajishughulisha na kapu.

Nguzo alibadili shati. Akachochea mkaa, akapuliza, akaiweka pasi juu ya meza, akavuta shuka la kwanza. Mvua ilikuwa imekatika, na mtaa umeanza kupitapita tena, watoto wakiruka madimbwi, mwanamke wa jirani akichungulia kama kawaida yake.

"Nikufungie mlango?" Mama Watoto aliuliza. "Watu wanapita."

"Uache. Humu ndani kuna joto."

Mama Watoto akabaki amesimama na mkono juu ya kitasa. Mwanamke wa jirani alisimama kabisa, akamwona Nguzo, akasema, "Eeh, Fundi! Kumbe ni wewe!" Nguzo akamjibu kwamba ndiye, na kwamba kama ana nguo za kunyoosha azungumze na mwenye biashara, akamwonyesha mkewe kwa pasi.

Jirani alipokwenda zake kuitangaza habari, Mama Watoto alikuwa anafuta macho kwa upindo wa kanga, na mumewe alijifanya hakuona.

"Mama Watoto," alisema, bila kuinua uso. "Mimi mshahara wangu lini?"

"Mshahara?" Alicheka kwa pua iliyojaa machozi. "Nikikulipa si utakuwa na kipato? Wataturudishia tena ile fomu."

Nguzo alifikiria hilo, akageuza shuka upande wa pili.

"Basi usinilipe mpaka cheti kitoke," alisema, naye mkewe akamsogezea rundo jingine.